Fundi, nikiwaachia watu wapige gitaa la marehemu mjomba, litaharibika?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi napigia kwaya gitaa hapa Tanga. Nina gitaa la akustiki, Yamaha FG ya zamani yenye lebo nyekundu ndani, nyuzi za chuma. Nimeachiwa na marehemu mjomba, ambaye alilipiga tangu mimi sijazaliwa. Shida yangu ni wageni. Kila anayeingia sebuleni, kabla hajamaliza salamu, "Hebu nishike kidogo." Wiki iliyopita binamu yangu alikuja jioni akalipiga kama nusu saa barazani. Alipoondoka nikakuta mkwaruzo mgongoni mwa gitaa, na nyuma ya shingo kuna utelezi kama wa mafuta, ukigusa unanatanata. Mpigaji mmoja hapa mjini ameniambia gitaa lililozoea mkono wa mtu mmoja likishikwa na wengine linapoteza sauti. Juu ya hayo, mwenzangu wa kwaya anataka kuliazima wiki mbili akapige kwenye mkutano wa injili Moshi. Naomba kujua kitaalamu: mikono ya watu inaharibu gitaa? Na huyu wa Moshi nimjibu nini?

JIBU

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mjomba.

Nianze na huyo mpigaji wa hapo mjini, maana hilo neno lake nalisikia kila mwezi hapa karakana na limenichosha. Mwulize bendi zetu za dansi zilipigaje. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Bendi za polisi, za jeshi na za mashirika zilikwenda hivyo hivyo: gitaa la solo lilikuwa mali ya bendi, si la mpiga solo. Mtu akihama aliondoka na vidole vyake tu, na kesho yake gitaa lile lile linaning'inia shingoni kwa mwingine. Nyimbo za zamani zilizorekodiwa Redio Tanzania, ambazo wewe na mimi tunazisikiliza hadi leo, zilitoka kwenye magitaa ya namna hiyo. Kama mbao zingekuwa na wivu, tusingekuwa na muziki wa dansi.

Kinachobadilika gitaa likishikwa na mtu mwingine ni mkono. Mwenzako anakandamiza zaidi, anapiga karibu na daraja, kile kipande cha mbao usoni zinapofungwa nyuzi, pale wewe unapopiga juu ya tundu, anatumia kipiki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia, pale unapotumia kucha, na wewe umekaa mbele yake ambako hujazoea kukaa. Gitaa lako hujawahi kulisikia kutoka mbele! Lazima lionekane geni. Kingine kinachobadilika ni nyuzi, na hapo kuna ukweli kidogo. Jasho lina chumvi, na wako watu ambao jasho lao linatia kutu nyuzi mpya ndani ya siku chache. Kwa pwani yetu, yenye unyevu wa bahari, mambo huenda haraka zaidi. Nyuzi zikishika kutu na uchafu sauti inafifia, na mwenye gitaa anasema "limepoteza sauti." Badilisha nyuzi, sauti irudi. Fereti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, nazo huliwa na nyuzi, kweli, lakini hilo ni suala la miaka ya kupigwa kila siku. Nusu saa ya binamu hata kwa kipimo changu kizuri kabisa nisingeiona.

Mpigaji Willie Nelson wa Marekani ana gitaa la Martin aina ya N-20 alilolinunua mwaka 1969 na kulipa jina la Trigger. Ni gitaa la nyuzi za nailoni, lililokusudiwa vidole, kwa hiyo halina kile kibao cha plastiki kinachokinga uso. Yeye akalipiga kwa kipiki hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka, mpaka uso ukatoboka tundu la pili chini ya tundu lake la kawaida. Zaidi ya watu mia wamesaini majina yao juu ya gitaa hilo kwa ridhaa yake. Lakini lile tundu kalichimba mwenyewe, mkono mmoja, kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo mikono haina tatizo. Tatizo ni vitu vinavyoandamana na mikono, na hapa nirudi kwako, kwa sababu katika barua yako yote mkwaruzo haukunishtua. Ulionishtua ni utelezi.

Jioni, barazani, Tanga. Nina hakika kiasi kikubwa binamu yako alikuwa amejipaka dawa ya mbu. Nyingi ya dawa hizo zina kemikali iitwayo DEET, ambayo mbu haipendi na plastiki haiiwezi: inalainisha plastiki, rangi na vernishi. Nimeshapokea gitaa ambalo alama za vidole vinne zimezama nyuma ya shingo kana kwamba mtu kaishika ikiwa bado mbichi, na kibao cha kukinga uso kimenywea pembeni. Magitaa yaliyopakwa vernishi ya nitroselulosi, kama mengi ya Marekani ya zamani, ndiyo huumia zaidi. Yamaha FG yako ina vernishi ngumu zaidi ya hiyo, na hilo ndilo lililokuokoa, lakini usisubiri. Chukua kitambaa laini cha pamba, kilowanishe kwa maji, kikamue mpaka kikaribie kukauka, tia tone moja la sabuni ya vyombo, futa shingo yote na kila mahali mkono wake ulipopumzika: ubavuni, kwenye kona ya juu pale mkono wa kulia unapolalia, na kwenye kile kibao cha plastiki. Rudia kwa kitambaa kisicho na sabuni, kisha kikavu. Usithubutu spiriti, tina wala petroli. Ukimaliza, inamisha shingo kwenye mwanga wa dirisha uangalie kama kuna sehemu imefifia au ina alama ya dole. Kama haipo, umepona.

Tangu nilipopokea gitaa lile la alama za vidole, anayetaka kushika gitaa langu namwambia anawe mikono mpaka kwenye viwiko, kama anaingia kula biriani ya mtu. Hakuna aliyewahi kukasirika. Wanacheka, wananawa.

Mkwaruzo sasa. Uko mgongoni, karibu na katikati, sivyo? Hicho ni kile chuma cha kufungia mkanda wa suruali. Mpigaji anayelipiga amesimama au ameegemea nyuma, gitaa linasugua tumbo, na pale tumboni kuna chuma. Vifungo vya jinsi na zipu za jaketi hufanya kazi hiyo hiyo, na siku hizi kuna kile kitambulisho cha kazini kinachoning'inia shingoni, ambacho watu wanasahau kabisa kwamba wamekivaa. Pete ya mkono wa kushoto haina neno sana, hugusa shingo tu. Ya mkono wa kulia ndiyo inayochora uso. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo taratibu. Ukucha usipokwama, umeishia kwenye vernishi na fundi anaweza kuung'arisha ukapotea. Ukikwama, umefika mbali zaidi, na ushauri wangu ni uuache. Kuufukia vizuri ni kazi ya gharama, kuufukia vibaya kunatia doa kubwa kuliko mkwaruzo wenyewe, na gitaa la umri huo hapana shaka lina mikwaruzo ya mjomba humo humo. Utajuaje upi ni wa nani?

Sipaki, na nakuomba usipake, ile dawa ya kung'arishia meza na makochi. Nyingi zina silikoni. Zinaleta mng'ao wa siku mbili, kisha siku fundi anapotaka kurudishia vernishi au gundi mahali, haishiki, inakimbia kama maji juu ya jani la mgomba.

Hatari kubwa ya sebuleni, hata hivyo, ni ile dakika gitaa linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na ile dakika mgeni anapomaliza kupiga na kutafuta pa kuliweka. Hapo ndipo linapoegemezwa ukutani au kwenye mkono wa kochi, mtoto anapita, gitaa linateleza na kuanguka kifudifudi, kichwa kinatangulia. Pale kichwa kinapoungana na shingo ndipo pembamba kuliko pote, na nyuzi zimekivuta muda wote. Kinakatika kama muwa. Kati ya magitaa yanayoletwa kwangu yamevunjika, hayo ndiyo mengi. Kwa hiyo kabidhi gitaa mtu akiwa amekaa, shika shingo kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, na usiachie mpaka asikike akisema "nimeshika." Akimaliza, lipokee wewe mwenyewe. Usiseme "weka hapo tu."

Mwenye mkono wa kushoto akiligeuza juu chini na kulipiga hivyo, mwache, hadhuru kitu. Wako wapigaji wetu wengi wazuri waliojifunza hivyo kwa sababu gitaa la mkono wa kushoto halikupatikana. Akitaka kubadilisha mpangilio wa nyuzi ndipo ukatae: ule mfupa mweupe wa juu, nati, umechongwa njia pana kwa nyuzi nene na nyembamba kwa nyuzi nyembamba, na wa chini kwenye daraja umelazwa mshazari kwa hesabu. Kipiki cha kukatwa kutoka kadi ya simu iliyokwisha, ruksa. Sarafu, hapana. Najua Brian May wa Uingereza anapiga kwa sarafu ya peni sita, lakini lile gitaa ni lake.

Sasa tuje Moshi.

Kuna kupiga na kuna kuchukua, na watu wanayachanganya kwa sababu yote mawili tunayaita kuomba gitaa. Anayepiga mbele ya macho yako anaweza kukuharibia nyuzi, au akakuachia mkwaruzo. Anayeondoka nalo analipeleka kwenye basi, kwenye jua, kwenye nyumba ya wageni, kwa mafundi asiowajua na kwa wapigaji wengine usiowajua wewe. Hao ndio hasa wanaokuogopesha, na kwa kweli wala hutawaona.

Kuna kisa kinachojulikana sana kwetu mafundi. Wakati wa kutengeneza filamu moja ya Marekani iliyotoka mwaka 2015, kampuni ya Martin iliazimisha gitaa kutoka makumbusho yake huko Nazareth, Pennsylvania. Lilikuwa limetengenezwa miaka ya 1870. Kwenye hadithi, mwigizaji Kurt Russell alitakiwa kulinyakua na kulibamiza, lakini kabla ya hapo kamera zilipaswa kusimama na la makumbusho kubadilishwa na nakala. Russell hakujua. Akalinyakua lile lile, akalivunjavunja. Martin ikatangaza kwamba haitaazimisha tena magitaa ya makumbusho kwa filamu. Ona kwamba aliyekuwa akilipiga muda wote, mwigizaji Jennifer Jason Leigh, hakulifanya kitu. Lilikufa kwa maelekezo yaliyoishia njiani, na mwenye mali hakuwapo.

Yangu ni ndogo zaidi. Miaka ya nyuma niliazimisha gitaa langu kwa kijana mmoja wa kupiga harusini, siku moja tu. Kijana mwaminifu, mpaka leo ni rafiki. Alifika ukumbini mchana, akaliacha kwenye buti la gari alale kidogo kabla ya shughuli. Gari lililofungwa kwenye jua letu linaweza kupita nyuzi joto 60, na gundi nyingi za mbao zinaanza kulegea kwenye joto la namna hiyo, huku nyuzi zikiwa zinavuta. Usiku akapiga, hakuona kitu. Asubuhi nililipokea daraja limenyanyuka nyuma kama kisigino cha kiatu kilichokwisha. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Hakuambiwa, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia.

Kuhusu huko kuvuta, nikupe hesabu, maana umeniuliza kitaalamu. Seti ya kawaida ya nyuzi nyepesi za chuma, inayoanzia 012, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012, ikikazwa sawasawa inavuta daraja kwa nguvu ya kama kilo 73. Muda wote, usiku na mchana. Sasa wewe ni mtu wa kwaya, unajua inavyokuwa: mwalimu anasema wimbo uko chini, upandishwe sauti moja. Mpigaji mvivu hatafuti kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni ili sauti ipande, anazungusha funguo anakaza nyuzi zote sauti nzima. Kila nusu sauti inaongeza mvuto kwa asilimia 12 hivi, sauti nzima kwa asilimia 26. Zile kilo 73 zimekuwa 92. Akiacha hivyo wiki mbili kwenye gitaa la zamani, uso unavimba nyuma ya daraja na shingo inapinda. Na akinunua huko seti nene, ya 013, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani, anaanza na zaidi ya kilo 80 kabla hata hajapandisha. Bahati yako wewe una la nyuzi za chuma. Wapo waliopokea gitaa la nailoni, linalovutwa kama kilo 40, limefungwa nyuzi za chuma na mwazimaji mwenye nia njema kabisa. Hilo huwa natengeneza huku nasikitika.

Kama lingekuwa langu, lisingekwenda Moshi bila mimi. Mwambie hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka: hili ni la marehemu, halitoki bila mimi kuwepo. Kwa watu wetu "la marehemu" ni jibu linaloeleweka, hutahitaji kuongeza udaktari wa gundi. Kama una nafasi nendeni wote, mpigie mkutano. Na ukijaliwa, tafuta gitaa la pili la bei nafuu, hata la mkono wa pili, lenye shingo iliyonyooka. Hilo ndilo la wageni, la kambi, la watoto wa jirani na la kuazima. Mimi ninalo, linaning'inia karibu na mlango, na tangu liwepo maombi ya lile jingine yamepungua kuliko nilivyotarajia. Wengi walikuwa wanataka tu kushika gitaa lolote.

Lakini mwenzako huyo wa kwaya labda ni mtu ambaye huwezi kumnyima, na mimi siishi na ninyi. Ukiamua kumpa, fanya vipimo kabla. Weka rula yenye milimita juu ya fereti ya 12, pima kutoka juu ya fereti hadi chini ya uzi mnene wa juu, kisha uzi mwembamba wa chini. Kwa gitaa lililorekebishwa vizuri utapata karibu 2.5 na 2. Andika. Chukua kipande cha karatasi ya kawaida ya kuandikia, jaribu kukisukuma chini ya ukingo wa nyuma wa daraja; kisiingie popote. Gonga uso taratibu kwa ncha ya kidole kuzunguka tundu na nyuma ya daraja, usikilize kama kuna kitu kinachotetema ndani. Piga picha mbele, nyuma, kichwani, na lebo ya ndani na namba yake. Fanya yote haya yeye akiwepo, si kwa kumshuku. Mtu akikuona unapima gitaa kwa rula anaelewa anachokibeba kuliko ungemhutubia saa nzima.

Mpe na kapo. Mwambie nyuzi hazibadilishwi, na ikikatika moja anunue ya unene ule ule. Gharama ya nyuzi ni ya mpigaji, huo ni utaratibu wa zamani. Kwenye basi gitaa linakaa naye ndani, haliendi buti, na kabla ya safari alegeze nyuzi sauti moja au mbili, ili likiangushwa na begi lake kichwa kisiwe kimekazwa kama upinde. Begi la kitambaa halitoshi kwa safari ya Moshi. Kama huna kasha gumu, hiyo nayo ni sababu ya kukataa, tena nzuri.

Likirudi liache ndani ya begi saa chache lizoee hali ya hewa ya nyumbani, kisha lifute, likaze, upime tena. Nusu milimita ya tofauti si ya kukukosesha usingizi. Kutoka kukavu kwenda pwani mbao hunywa unyevu na kujaa. Ikiongezeka milimita nzima, kuna kilichotokea.

Na hicho kipimo cha karatasi usisubiri safari, kifanye leo, kwa sababu gitaa la umri huo huenda halijawahi kuangaliwa daraja. Karatasi ikiingia, hata kwa upana wa kucha, legeza nyuzi zote leo leo, na tafadhali usipake gundi yoyote ya dukani mpaka fundi aliangalie. Kubandua gundi ya haraka kunanichukua muda mrefu kuliko kubandika daraja lenyewe.